Kiwanja cha Mwalimu, Minazi ya Bibi

Leseni yangu ya udalali wa nyumba na viwanja imetundikwa ukutani, juu ya meza ninayokalia hapa Kibiti mjini, ndani ya fremu ya kioo iliyonigharimu kuliko meza yenyewe. Wanaoingia hudhani naringa. Naringa kweli. Mama yangu alikaanga samaki Ndundu enzi za kivuko, magari yalipokuwa yakipanga foleni kungoja kuvuka mto. Daraja lilipokamilika magari yakawa yanapita bila hata kupunguza mwendo, na mama akahamishia karai lake stendi ya Kibiti, mimi pembeni yake nikigeuza samaki. Udalali niliuanza kwa mdomo tu, nikiwaonyesha manesi na walimu wageni vyumba vya kupanga. Siku nilipopewa karatasi yenye jina langu na muhuri wa serikali nililia palepale dirishani, na mzee aliyekuwa nyuma yangu akanipa pole akidhani nimefiwa.

Ndiyo maana leseni inapokaribia kwisha mimi huwa wa kwanza kwenda kuihuisha. Mwaka jana nilikwenda Jumatatu, nayo ilikuwa inaisha Ijumaa. Nilivaa gauni langu la Idi. Cheti cha kodi ninacho, nakala ya kitambulisho ninayo, vyote kwenye bahasha mpya. Afisa biashara, mama mmoja mpole mwenye miwani, alitazama kompyuta yake, akafungua droo, akatoa karatasi mbili.

"Dada yangu, una malalamiko. Yameletwa na mtendaji wa kijiji kule Dimani."

"Malalamiko gani?"

"Mawili, na kiwanja ni kimoja. Huyu anasema umemuuzia kiwanja kinachoingiliwa na watu. Huyu anasema umeuza minazi yake. Niletee barua ya mtendaji kwamba yamekwisha, nitakuhuishia siku hiyohiyo. Bila barua siwezi."

Nilitoka pale na bahasha yangu. Kilichonijia akilini ni karai la mama, lile lile, bado lipo jikoni kwangu limefunikwa na gazeti. Wiki ile niliogopa karai kuliko nilivyowahi kuogopa kitu.

Kisa chenyewe ni hiki. Mwalimu wa shule ya msingi, mgeni kutoka bara, alitaka kiwanja cha kujenga. Nikampata muuzaji, mwenyeji wa Dimani. Tukapima kwa hatua, majirani wakashuhudia, mtendaji akagonga muhuri, mwalimu akajenga vyumba vyake viwili. Kwenye kiwanja kulikuwa na minazi mitatu. Minazi ile aliipanda baba yake shangazi wa muuzaji, na shangazi huyo, bibi mtu mzima aliyeolewa Maparoni kule visiwani, ndiye aliyeirithi. Kwetu ardhi ni ya mwenye ardhi na mti ni wa aliyepanda au aliyerithi. Mtu anauza uwanja na miti inabaki ya mwenyewe, anakuja kuangua anapotaka. Nilijua yote hayo. Sikumwambia mwalimu kwa sababu haikunijia kwamba kuna mtu mzima duniani asiyejua. Ningemwambia pia kwamba jua huchomoza asubuhi?

Basi mwalimu wa watu akaangua nazi, akapika wali wa nazi kila Jumapili, akawaandikia nduguze kwamba amepata shamba. Siku mkwezi wa bibi alipofika na kuparamia mnazi kama kawaida yake, mwalimu alimteremsha kwa ufagio. Habari ikavuka maji mpaka Maparoni.

Jumatatu ile ile nilikwenda Dimani. Mtendaji akaniambia hataandika kitu mpaka wote wawili wasimame mbele yake na kutamka wenyewe kwamba yamekwisha. Mwalimu nilimkuta anasahihisha madaftari barazani.

"Mama, nilinunua kiwanja au nilinunua kivuli?"

Nilitaka kumjibu vikali, maana mdomo wangu hauchelewi. Nikaumeza. Mwiba wa kujichoma hauambiwi pole.

Jumanne nikashuka Nyamisati, nikapanda boti ya injini na magunia ya unga na kreti za soda, tukapita katikati ya mikoko hadi Maparoni. Bibi alikuwa anaanika mpunga, anaupindua kwa mguu, mistari imenyooka kama ya daftari.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Weye ndo uliyeuza minazi ya baba yangu?"

"Sikuuza minazi, bibi. Niliuza ardhi."

"Na huyo mgeni ulimwambia?"

Nikainama kuokota punje zilizotoka nje ya jamvi. Akaendelea kupindua mpunga mpaka mwisho wa jamvi, akageuka, akarudi.

"Hukumwambia. Basi kesho maji yakijaa twende. Nikamwone huyo mwizi wangu."

Nilimweleza kwamba leseni yangu inaisha Ijumaa na kwamba bila neno lake nitarudi kukaanga samaki. Akasema kukaanga samaki si dhambi. Hata hivyo alinipa wali na kamba na mahali pa kulala, na asubuhi ndiye aliyeniamsha.

Kutoka Nyamisati kwenda Dimani hatukupata usafiri mwingine ila bodaboda. Bibi alikaa katikati, kati ya dereva na mimi, ameshika mwavuli uliofungwa. Kila tukivuka shimo alimgonga dereva begani kwa mwavuli ule, kidogo tu, kama anayebisha hodi. Mimi nyuma nilikuwa napanga hotuba. Nimeuza viwanja kwa watu wagumu, lakini hotuba ile ilikataa kupangika.

Tulimpitia mtendaji, tukaenda naye kwa mwalimu, aliyekuwa na viti viwili vya plastiki. Kimoja akampa bibi, kingine mtendaji, yeye akasimama amekunja mikono. Minazi mitatu ilikuwa juu yetu na nilishindwa kuitazama. Mtendaji akafungua daftari. Kabla hajasema neno, bibi akauliza.

"Mwalimu, kwenu wapi?"

"Tabora, bibi."

"Tabora wamo wengi. Weye nani?"

"Mnyamwezi."

Bibi akaweka kiganja mdomoni. Mabega yakaanza kumtikisika. Nilidhani analia, nikajiona ndiyo basi tena, leseni imekwenda na maji. Kumbe anacheka. Alicheka mpaka mtendaji akafunga daftari.

"Mnyamwezi! Na mie nimekuja na hasira toka Maparoni! Babu zako walibeba mizigo miezi na miezi kuzifuata nazi zetu, na weye umefika tu, umezikuta, umekula."

Nilimtazama mwalimu. Mikono ikakunjuka yenyewe. Naye akachagua kutania.

"Na nyie bibi mlikuwa mnafanya nini miezi yote hiyo? Si mlikuwa mmelala kivulini, mnangoja tuwaletee?"

Bibi akapiga paja. Kwetu pwani Mnyamwezi ni mtani, tangu enzi za misafara. Mtani atakutukana msibani watu wakiwa wanalia, ataingia uani kwako achukue kuku, nawe huna pa kwenda kushtaki. Siku yako ikifika utachukua chake, naye atanyamaza hivyo hivyo. Nilikuwa nayajua hayo vilevile, na siku zote tatu za kuhangaika sikukumbuka kumuuliza mwalimu kabila lake. Dalali mzima.

"Mtani haibi," bibi akamwambia mtendaji. "Mtani anachukua. Andika hapa hapana mwizi. Andika ardhi yake, minazi yangu. Mkwezi wangu akija atabisha hodi, na akishaangua atamwachia mtani nazi za mboga."

"Mwalimu?" mtendaji akauliza.

"Mimi sina neno. Angebisha hodi toka mwanzo nisingeshika ufagio."

"Na dalali niandike nini?"

Wote watatu wakanigeukia. Nikasema ukweli, kwamba sikusahau, ila sikudhani yupo asiyejua.

"Huko ndo kusahau kubaya," bibi akasema. "Andika amekiri, yamekwisha."

Akaweka dole gumba, mwalimu akatia sahihi, muhuri ukagongwa. Niliishika barua ile kwa mikono miwili. Nilikuwa na furaha mpaka masikio yalikuwa ya moto. Tulipoinuka kuondoka, bibi akakiinua kiti cha plastiki alichokalia, akanikabidhi.

"Nibebee kiti changu."

Mwalimu akafungua mdomo, akamtazama mtani wake, akaufunga. Kiti kilikwenda Nyamisati juu ya kichwa changu, kwenye bodaboda, mkono mmoja nimeshika mguu wa kiti na mwingine nimemshika bibi. Watu wa njiani walitupungia.

Alhamisi nilikuwa wa kwanza dirishani. Afisa biashara akasoma barua, akafika penye mambo ya watani, akavua miwani akaifuta. Yeye pia wa bara, ila hakusema wa wapi na sikuthubutu kumuuliza. Kabla ya adhuhuri leseni ilikuwa mkononi mwangu, wino bado una joto la mashine. Safari hii sikulia. Niliwanunulia chai wote waliokuwa kwenye foleni.

Sikuiweka kwenye fremu kwanza. Niliipeleka Maparoni, kwani niliona mwenye haki ya kuiona mwanzo ni bibi. Nilimkuta barazani kwake, amekaa kwenye kiti cha mwalimu, miguu ya kiti ameivisha vitambaa isichimbe sakafu. Nikampa karatasi. Aliitazama mbele na nyuma, akanirudishia.

"Nisomee."

Nikasoma jina langu, polepole, maana napenda kulisikia. Nikasoma aina ya biashara: udalali wa nyumba na viwanja.

"Rudia hapo."

"Udalali wa nyumba na viwanja."

"Minazi haimo?"

"Haimo, bibi."

"Miembe? Mikorosho?"

"Nayo haimo."

Akaegemea kwa raha zake mpaka kiti cha watu kikalia.

"Serikali ina akili. Basi ya miti utaniuliza mie."

Siku hizi chini ya leseni ukutani kuna karatasi nyingine, niliyoiandika kwa mkono wangu: Uliza miti ni ya nani. Wateja wa bara huisoma, wakaniuliza ina maana gani, nami huwasogezea kiti.