Blanketi Langu na Kidude cha Dira

Mdogo wangu wa mwisho ni mwendesha boti. Huvusha watu na mizigo kutoka gati letu hadi ng'ambo ya ziwa, halafu huwarudisha. Injini anaijua kama mfuko wa suruali yake, na abiria wanampenda kwa sababu hana matusi. Kasoro yake ni moja tu: hajui njia.

Wala sitanii, alizaliwa hivyo. Utotoni akitumwa chumvi kwa jirani, ilibidi mtu asimame mlangoni amwite mpaka arudi. Mke hana. Yeye husema hakuona wa kufanana naye. Mimi nasema alipotea akienda kuposa, akaingia nyumba isiyo yenyewe, akanywa chai ya watu, akashukuru, akarudi. Wenzake gatini wamempa jina la Dira, na kila wakimwita hucheka kwanza.

Sasa utauliza, mtu huyu anavukaje ziwa? Kwenda si kazi, ng'ambo kuna mnara wa simu mrefu kama deni la mlevi. Shughuli iko kwenye kurudi. Upande wetu ufuko mzima ni matete na mabati yenye kutu, nyumba zimefanana kama punje za mahindi. Basi Dira hurudi kwa kulitazama blanketi langu. Ni la rangi ya chungwa, zito, nililorithi kwa mama, nami hulianika kwenye kamba iliyo juu ya gati. Asubuhi ninalianika, jioni ninalianua, liwe bichi au kavu. Blanketi hilo limeanikwa zaidi kuliko lilivyofunika watu.

Siku moja niliugua, nikamwomba jirani anianikie. Akalianika kwake. Dira akafunga boti kwa jirani, akaingia ndani, akavua viatu, akala chakula chao chote, akalala. Alipoamka akamuuliza mwenye nyumba, "Dada yangu umempeleka wapi?"

Tangu hapo sikuthubutu kusafiri. Halafu mwaka huu binti yangu, anayeishi mbali, mwendo wa kutwa kwa basi, akajifungua mapacha.

"Mama, unakuja lini?" akaniuliza kwenye simu.

"Nikipata mtu wa kuanika blanketi."

"Mama, una homa?"

Nikaona basi, liwalo na liwe. Wajukuu wawili wanalia, na mimi nimefungwa kamba moja na nguo! Nikamshika Dira mkono, maana peke yake asingelifika dukani, tukaenda kununua GPS, kile kidude kinachomwonyesha mtu alipo na anakokwenda.

Muuzaji alikuwa na tai na maneno mengi. "Mama, hiki kina ramani ya dunia nzima!"

"Dunia nzima ya nini? Huyu anakwenda ng'ambo na kurudi."

"Kioo chake unagusa tu kwa kidole."

"Leta ndoo ya maji," nikamwambia.

Alidhani nina kiu. Ilipokuja ile ndoo ya kupigia deki, nikamchovya Dira mikono yote miwili, nikamwambia gusa. Akagusa, kioo kimenyamaza kama mkwe. Mtu wa majini mikono yake haikauki, kidude kinachotaka mikono mikavu kikae na makarani. Cha pili kilikuwa na vitufe vizuri, lakini nilipokitumbukiza kwenye ndoo kikazama moja kwa moja.

"Mama! Hakiingii maji, kimehakikishwa!"

"Hakiingii maji, ila chenyewe kimeingia. Kikimponyoka katikati ya ziwa, nani atakifuata chini? Wewe na tai yako?"

Cha tatu tulikitoa juani. Badala ya ramani nikajiona mimi mwenyewe nimenuna. Cha nne kilikuwa kinene, kibaya cha sura, cha rangi ya manjano. Kikaelea ndooni kama bata, juani kikasomeka, na betri zake ni zile za tochi, zinauzwa kila kibanda. Dira akakiwasha pale pale ndani ili kimwonyeshe mlango. Kimya.

"Ndani hakifanyi kazi," muuzaji akaeleza. "Mpaka kione mbingu, kisome setilaiti."

Dira akakikumbatia. "Dada, hata mimi ndani huwa sielewi. Tumefanana. Tuchukue hiki."

Tukarudi nacho. Akasimama gatini chini ya kamba, akabonyeza kitufe cha kuweka alama ya nyumbani, kama alivyofundishwa. Kesho yake asubuhi nikamwambia, "Leo sianiki. Ukirudi na kidude chako, mimi napanda basi. Usiporudi, nitaanika mpaka nizikwe nalo." Akawasha injini, akaondoka na abiria wake.

Alasiri nikaenda gatini. Blanketi nililikunja nikalikalia, nisije nikashawishika. Ziwa jeupe, hamna boti hata moja, na saa ya kurudi ilikwishapita. Moyo ukawa unanipiga kama mlango wa choo kwenye upepo.

Mara akachomoza, amenyooka kama uzi. Uso kwenye kidude, hatazami mbele. Akaja hivyo hivyo mpaka boti ikagonga gati, pu! Abiria mmoja akamwangukia mwenzake mapajani.

"Kimesema nimefika!" Dira akapiga kelele.

"Hata gati limesikia," nikasema. Machozi yalinitoka, nikayasingizia jua.

Hapo ndipo nikaona nyuma yake. Boti zote za gati letu zilikuwa zimemfuata, moja nyuma ya nyingine, kama vifaranga. Ya mbele iliendeshwa na yule mwenye kicheko kikubwa kuliko wote, wanayemwita Nahodha.

"Mama, blanketi liko wapi?" akafoka. "Tumezunguka tangu mchana! Abiria wangu nimewashusha machinjioni!"

"Blanketi gani?"

"Si lile la Dira!"

"La Dira, eeh. Lenu ninyi liko wapi?"

Wakaangalia maji. Nahodha akajikuna shingo. "Mama, si kwamba hatujui njia. Huwa tunathibitisha tu."

Nikacheka mpaka mbavu zikaniuma. Nikainuka, nikamtupia blanketi kifuani. "Haya, thibitisheni wenyewe. Kwa zamu. Na likichafuka mlifue."

Keshoye Dira akanisindikiza stendi, kidude mkononi. Njia nzima akawa na wasiwasi. "Dada, mshale unaonyesha nyuma. Tunakosea."

"Kinajua mahali pamoja tu duniani, napo ndipo tunapotoka. Nisikilize mimi."

Nilipokwisha kukaa dirishani nikamuuliza, "Utarudi?" Akakiinua kidude juu, anacheka na meno yote. Basi likaondoka, nikageuza shingo kumwangalia. Alikuwa anaufuata mshale, hatua kwa hatua. Akaingia kibanda cha kinyozi kwa mlango wa mbele, akatokea wa nyuma, kwa sababu mshale haujui kuta. Kinyozi akatoka na mkasi akimtukana.

Nikaegemea kiti changu, nikafumba macho. Alikuwa ameelekea kwenyewe.