Mtafiti Aliyekalia Akiba

Mtafiti alikuja kijijini kwetu Narung'ombe kujua kwa nini watu wa nchi zinazoendelea hawaweki akiba. Mimi nilimtafsiria maneno ya shangazi yangu, ambaye Kiswahili chake ni cha mnadani tu. Sijui kama niliiweza kazi hiyo, maana niliishia darasa la saba.

Mahojiano yalifanyika uani, majirani wote wakisikiliza pamoja na shemeji yake shangazi, mtu ambaye akisikia una kitu, lazima apate mgonjwa wa kupeleka hospitali. Na shangazi alikuwa ametunza ufuta wa kununulia bati kabla ya mvua.

"Una akiba yoyote, mama?"

"Sina hata punje."

Mtafiti alisikitika kwa dhati. Nisimwonee, alikuwa na adabu na ugali wetu aliusifu. Ila kiti alikikataa, akasema yeye ni mtu wa watu, akakalia gunia lililofunikwa khanga.

Alipoinuka kuaga, khanga ilikuwa imeteleza na suruali yake nyeusi ilikuwa imejaa ufuta nyuma.

"Shemeji, mgeni alikalia nini?" yule shemeji akamuuliza shangazi.

"Mbegu," shangazi akajibu. "Au unataka mwakani tulime mawe?"

Watu wakacheka. Shemeji akaaga bila kutaja mgonjwa, kwani kwetu mbegu ya mtu haiombwi. Mtafiti akaniuliza wanacheka nini, nikamwambia wanamtakia safari njema.

Mvua ilipokuja, shangazi alikuwa chini ya bati. Kwenye ripoti, nadhani, bado hana kitu.