Baba na Mwenye Maji

Baba yangu alikataa kuvua katika miji mitatu ya Marekani, na kila mji ulikuwa na mto wake. Louisville, tulikofikia kutoka kambi ya wakimbizi Tanzania, kulikuwa na mto Ohio. Columbus, nilikofuata kazi ya ghala, kulikuwa na Scioto. Mwaka 2015 tulikuwa Buffalo, mimi, wanangu na Baba, tumepanga nyumba Riverside, dakika tano kwa miguu hadi mto Niagara. Kila tulipohamia aliuliza swali lile lile.

"Mwenye maji haya ni nani?"

"Serikali, Baba." Nikamnunulia leseni ya jimbo na fimbo ya kuvulia. Aliigeuza ile leseni, akanirudishia.

"Huyu aliyekuuzia dukani amewahi hata kulowa miguu?"

Nilitamani kupiga kelele. Lakini nilijua anachosema. Kwao Rumonge, kabla ya kukimbia Burundi, mvuvi mgeni hakutupa ndoano kabla ya kuonana na mwenye mwalo, mtu wa ukoo ulioanza kuvua ufuko ule. Samaki wa kwanza alimpelekea yeye, kwa mikono miwili. Akipokea, umekaribishwa. Akikataa, unafunga virago bila kuuliza. Kambini, ambako hatukuruhusiwa kutoka, Baba alitoroka mara kadhaa akavue mto wa watu kwa kujificha. Aibu hiyo haijamtoka. "Nimeshakula samaki wa wizi," aliniambia, "inatosha."

Basi akawa anakaa dirishani kutwa nzima, amevaa koti ndani ya nyumba. Dada yangu aliyebaki Shively, kule Louisville, alipiga simu kila Jumapili: mlete kwangu, hapo kwako anazeeka bure. Siku moja Baba mwenyewe akasema afadhali hata angerudi kambini. Maneno yale yaliniuma sana. Nilitaka aseme hapa ni nyumbani, basi, hata mara moja tu.

Kiwandani nilifunga biskuti mstari mmoja na mama mmoja wa Waseneka, wenyeji wa nchi ile tangu kabla mtu yeyote hajaiita Buffalo. Nilimsimulia habari za Baba ili nimchekeshe. Hakucheka.

"Baba yako ana adabu," alisema. "Mtu anayemtafuta ni mjomba wangu."

Akanieleza kwamba kusini, ukishapita Lackawanna, kuna kijito kinachokatiza ardhi yao na kuingia Ziwa Erie, na mjomba wake ndiye anayekiangalia. Pale leseni ya jimbo haina kazi. Kibali kinatoka kwao wenyewe, kwa sababu haki ya kuvua pale babu zao hawakumpa mtu. Nilipomfikishia Baba habari hizi, aliinuka akaanza kutafuta viatu. Ilikuwa Jumanne, na safari ni Jumamosi!

Jumamosi mjomba alitungojea kando ya kijito, mzee mrefu mwenye msuko mmoja wa mvi na mabuti ya mpira yaliyofika mapajani. Kibali tulikuwa tumeshakichukua. Baba akamwamkia kwa mikono miwili, kisha akaingia majini, na miaka yote ya dirishani ikamtoka mwilini. Sikuwahi kumwona akisimama vile. Haikupita saa, fimbo ikapinda.

"Yesu wangu!" alipiga kelele, na mimi nikapiga zaidi yake.

Alikuwa samaki mnene wa rangi ya fedha, mwenye mstari wa waridi ubavuni. Baba akamtia kwenye wavu wa mpini, akampelekea mjomba, akauinua kwa mikono miwili. Mjomba alimtazama samaki, akatikisa kichwa.

Baba aliurudisha wavu majini, akanikabidhi mpini, akaanza kukunja uzi wake.

"Twende," alisema. "Amekataa."

Niliwakasirikia wote wawili. Nimesimama na maji ya Oktoba yananiingia viatuni, samaki anapigapiga wavuni, na wazee hawa wananiharibia siku niliyoiombea mwaka mzima! Nikamweleza mjomba kwa Kiingereza changu cha kiwandani: kwetu samaki huyu ni hodi, na wewe umetufukuza.

Mjomba akashtuka hasa. Akaja, akachuchumaa, akapitisha kidole chini ya tumbo la samaki.

"Mwambie sijamkataa yeye," alisema. "Huyu ana mayai. Mwenye mayai mimi simchukui, namwacha apande juu akatage. Watoto wake wataliwa na wajukuu zangu."

Nilipotafsiri, Baba alishika kichwa. "Mayai! Nimesahau hata kumwangalia tumbo! Mvuvi gani mimi?" Akacheka, kicheko ambacho wanangu walikuwa hawajawahi kukisikia kwa babu yao. Akamwachia jike yule taratibu, akimwombea safari njema kwa Kirundi.

Wa pili alikuwa dume. Safari hii mjomba aliweka fimbo yake chini, akafuta mikono kwenye shati, akaipokea zawadi kwa mikono miwili kama alivyoona kwa Baba. Wa tatu akawa wetu. Nilimkaanga jioni kwa nyanya na vitunguu, na Baba akala kichwa, akanyonya mifupa yote.

Kesho yake, Jumapili, dada akapiga. Baba akaninyang'anya simu.

"Siji huko Shively, mwanangu. Jumamosi nina kazi. Mzee wa kijito ameniita tukatoe magogo na takataka majini, samaki wapate njia ya kupanda." Akasikiliza kidogo, kisha akasema kwa sauti ya juu, ili na mimi nisikie: "Kazi ya nani? Ya mwenye maji. Mimi hapa nimepokewa."