Kamba wa Matope na Mwenzake wa Chuo

Mke wangu alifundisha biolojia Bukavu kabla hatujakimbia. Hapa Dzaleka, kambi ya wakimbizi nchini Malawi, mimi nashona nguo, yeye anafundisha watoto wa kanisa letu kusoma. Kwa muda mrefu sikumsikia akitaja wanyama wala mimea. Kisha mwanaume mmoja aliyesoma naye chuo, ambaye sasa anafanya kazi pwani ya Msumbiji, akaanza kumtumia picha za kamba kwenye simu.

Walikuwa kamba wadogo, weupe kama kucha, wanaoishi kwenye mashimo wanayochimba katika matope yanayobaki wazi maji ya bahari yakipungua. Bwana yule hakujua ni wa aina gani, akamwomba amsaidie. Mke wangu aliikuza picha kwa vidole viwili, akatabasamu. Mimi nilikuwa mbele yake, na suruali ya mteja magotini. Tabasamu lile sikuwa nimeliona siku nyingi.

"Picha haitoshi," aliniambia. "Atapita Lilongwe na kamba mwenyewe. Shule moja ya Likuni, pale pale karibu na mji, itatuazima mikroskopi."

"Mi pia nakuya."

"Utafanya nini kule?"

"Nitakubebea sakoshi," nilisema, nikiuchukua mkoba wake.

Siku ya kwenda Likuni nilivaa koti langu zuri. Bwana yule alikuwa mfupi kuliko nilivyomfikiria, lakini alimwita mke wangu kwa jina la utani la chuoni, jina ambalo mimi sikuwahi kulisikia. Hilo lilinichoma kuliko kitu kingine chochote.

Alimtoa kamba kwenye chupa ya spiriti, wakainama wote wawili, vichwa vikikaribia kugusana. Mke wangu alikagua kwa mikroskopi ncha iliyotokeza kati ya macho, akalinganisha magando mawili, moja nene, jingine jembamba. Kisha akasoma maelezo ya wataalamu kwenye kompyuta ya bwana yule.

"Si ule wa kawaida," alisema. "Angalia mkia. Huu hauna mwiba pale katikati."

Bwana akatazama. "Kweli. Basi njo ule mwingine, ule batu karibu wote hawaujui."

"Njo wenyewe," mke wangu alikubali.

Wakapeana mikono, na hawakuachana haraka. Nikakohoa.

"Kuya uone, papa," mke wangu akaniita.

Niliona ukungu wa kijivu tu, nikasema nimeona. Akaniwekea mkono begani, akazungusha kitufe polepole, na gando likatokea, limejaa nywele laini. Nikakaa pale muda mrefu kuliko nilivyohitaji, maana nikiwa pale bwana yule hakuwa na pa kuinama.

Tukirudi nilimuuliza, "Yeye iko na bibi?"

"Sikumuuliza. Tulikuwa tunaongea kamba tu."

Bwana alirudi Msumbiji, akamwomba amchoree yule kamba kutokana na picha walizopiga siku ile. Mke wangu alihitaji mwanga wa dirishani, pale ninapokatia vitambaa, basi nikatoa cherehani nje. Mteja mmoja akaniuliza kwa nini nimehamia juani.

"Bibi iko kazini," nilimjibu kwa fahari. Alipoondoka, nikachungulia dirishani nione kama mke wangu anatabasamu.