Nilimwandika Mama Kapinga Kuwa Mwanaume

Kosa ni langu, simtupii mtu. Mama Kapinga amenisamehe, hata anacheka, lakini mimi nikikumbuka bado nataka kuingia chini ya meza.

Mimi ni karani wa posta hapa Kamina, karibu na gare, stesheni ya treni. Zamani nilifanya kazi Ndola, upande wa Waingereza, nikarudi na Kiingereza kidogo na majivuno mengi. Mama Kapinga ni jirani yangu, mke wa dereva wa treni. Alikuwa akishona nguo kwenye baraza la duka la Mgriki mmoja, na Mgriki huyo akamfundisha sataranji. Baada ya mwaka, Mgriki hakumshinda tena.

Binamu yangu wa Ndola akamtafutia mpinzani, mwalimu mmoja, M. Mwansa. Wakaanza kucheza kwa barua, kila barua hatua moja. Mwansa hakujua Kiswahili, basi mwandishi nikawa mimi. Kibemba, lugha ya Mwansa, nakijua vizuri, ningeandika hicho. Lakini nilitaka wenzangu ofisini waone Kiingereza changu.

Mama Kapinga alikuwa akisema tu, "Umuambie farasi yangu inaenda mbele." Sisi tukisema "yeye" tumemaliza, hakuna anayeuliza ni mume au mke. Kiingereza kinakulazimisha uchague. Nikaandika "he", mwanaume, bila kufikiri. Kichwani mwangu mtu wa sataranji alivaa suruali.

Siku moja Mwansa akaandika kuhusu mchezaji wetu: "They are very strong", wana nguvu sana. Damu ikanichemka. "They" si ni "wao"? Kumbe anadai tumejaa kundi zima kwenye ubao, tunapeana akili! Nikajibu siku ileile: Bwana, huyu ni mwanaume mmoja peke yake, wezi ni ninyi. Sikumsomea Mama Kapinga.

Barua zikakatika.

"Baba karani, posta iko namna gani?" aliniuliza kila juma.

"Bado, mama."

"Pengine minyi nilimukosea?"

Alijilaumu yeye, na mimi nikaendelea kupiga mihuri. Miezi miwili. Mwishowe akaweka ubao juu ya kabati, na hilo liliniuma kweli.

Halafu, mchana mmoja, treni kutoka Elisabethville ikasimama, na mwanamke mwenye kikapu akaingia posta. Akanisalimia kwa Kibemba. "Mimi ni Mwansa."

Nikachungulia nyuma yake nimwone mume.

"Ni mimi mwenyewe," akasema. "Naenda kwa dada yangu Luluabourg. Yule bwana wako mwenye hasira yuko wapi?"

Nikatuma mtu amwite Mama Kapinga. Alikuja mbio, sindano bado kwenye blauzi. Mwansa akamtazama, akanitazama.

"Mwanaume mmoja peke yake?"

Akacheka mpaka akakalia kikapu. Ikabidi nimtafsirie Mama Kapinga yote, pamoja na barua yangu.

"Weye njo uliandika vile?"

"Njo minyi, mama," nikakubali kuwa ni mimi.

Akafunika uso. Nilidhani analia. Alikuwa anacheka kuliko mwenzake.

Mwansa akanieleza kwamba Waingereza husema "they" hata kwa mtu mmoja, wasipojua ni mume au mke. "Uliandika 'he', ila Kiingereza chako sikukiamini, na jina Kapinga kwetu halijulikani, nikaogopa kukosea. Lakini kwa nini hukuandika Kibemba? Kibemba hakiulizi mambo hayo."

Nikaenda mbio kuuchukua ubao juu ya kabati la Mama Kapinga.

Wakapanga ubao juu ya sanduku pale gare. Treni ikapiga filimbi mchezo haujaisha. Mwansa akapanda, akatoa kichwa dirishani, akaita hatua yake kwa Kibemba. Mimi, karani wa serikali, nikakimbia kando ya behewa nikipokea, nikigeuka kumpigia Mama Kapinga kelele kwa Kiswahili, nikirudisha jibu, kofia imeanguka, gare nzima inauliza nani anashinda. Sijawahi kufurahi hivyo kazini.

Lakini nililipa. Sasa barua anaziandika mke wa fundi mmoja wa reli, Mubemba. Zinanifikia zimefungwa, napiga muhuri tu.

Ninyi mnaowaandikia wengine, ulizeni kwanza huyo mtu ni nani. Na neno likikuchoma, muulize aliyeliandika maana yake kabla hujashika kalamu. Mimi sikuuliza, na leo bahasha ile inapita mkononi mwangu nami sijui farasi amefika wapi.