Kijiji Nilichojitwika

Niliporudi kazini baada ya miaka minane ya kulea, kitu cha kwanza nilichoficha ni watoto wenyewe. Fomu ya maombi iliuliza nilikuwa nikifanya nini tangu kazi ya mwisho. Nikapiga mstari mmoja mrefu, kama mtu ambaye hakuwepo duniani.

Kazi yangu ilikuwa kutengeneza vielelezo, yaani majengo madogo ya kadibodi ya kuwaonyesha watu jengo litakavyokuwa kabla halijajengwa. Nilianza mwaka ule wa uhuru, wakati kila mtu alitaka kuona shule na zahanati. Sasa ofisi yetu ya ujenzi pale Tabora ilichora vijiji vya ujamaa tu. Nikapewa miezi mitatu ya majaribio na kijiji kimoja cha kutengeneza. Kikikubalika, kazi ni yangu. Kikikataliwa, nirudi nyumbani. Niliogopa kuliko siku ya harusi yangu.

Mkuu wangu alikuwa Mzaramo na mimi Mnyamwezi, kwa hiyo ni watani, tangu enzi za misafara, babu zangu walipokuwa wakifika pwani na mizigo na babu zake wakiwapokea. Mtani anaweza kukwambia lolote, nawe huna haki ya kununa. Yule bwana aliitumia ruhusa hiyo kila siku kuanzia saa moja na nusu asubuhi. Aliiona rula yangu ya futi, akauliza kama niliachiwa na Waingereza, maana ofisi ilishahamia kwenye mita. Nikamjibu kwamba nimefurahi kukuta watu wa pwani wamejifunza kupima kitu kisichokuwa nazi.

Nikakaa na wembe na gundi mpaka vidole vikakakamaa. Nyumba nilizipanga kwenye mistari iliyonyooka, kama ramani ilivyotaka. Miti ilikuwa vipande vya dodoki nilivyopaka rangi ya kijani, na majani ni unga wa mbao. Kilikuwa kijiji kizuri, acheni nijisifu.

Siku ya kukipeleka kwa wenyewe tulipanda treni mpaka Igalula. Gari la kutupokea halikuja, na kijiji kilikuwa mwendo wa saa nzima kwa miguu. Mkuu akautazama ule ubao wenye nyumba zangu, kisha akanitazama mimi.

"Mtani, babu zako walipita njia hii hii na pembe begani mpaka kwetu. Wewe utashindwa na maboksi?"

Nikajikunjia kata ya kanga kichwani, nikajitwika. Ningefanyaje?

Wanakijiji walikizunguka kielelezo. Wanaume wakachaguliana nyumba, wakacheka, wakasifu. Nikaanza kupumua. Kisha bibi mmoja akasogea karibu, nikamwamkia.

"Marahaba, mwanangu. Kazi nzuri. Sasa tutapika wapi?"

Nikaangalia. Hapakuwa na jiko hata moja. Ramani ilichorwa na wanaume, sawa, lakini mimi je? Miaka minane nimekohoa moshi wa jiko la uani. Nilikuwa nimejitahidi kuisahau miaka ile hata majiko nikayasahau. Niliona aibu, na zaidi ya aibu nilijikasirikia.

Mkuu akaikunjua ramani, akaanza kutafuta jiko kwa kidole. Mtani akiacha utani, ujue mambo yameharibika.

Nikaomba viberiti. Wanaume wakamimina njiti mifukoni wakanipa maganda, na bibi akaniletea uji mzito wa muhogo wa kugandishia. Nikakata majiko madogo, kila nyumba lake, nikayaweka yote upande wa magharibi. Bibi akauliza kwa nini huko.

"Kiangazi upepo unatoka mashariki, mama. Jiko likikaa huko, moshi wote unaingia walikolala watoto."

Akawageukia wenzake, akawaambia kwa Kinyamwezi kwamba huyu kweli amepika. Wakakikubali kijiji, ila wakataka ramani irekebishwe.

Kwa hiyo kielelezo ilibidi kirudi ofisini. Safari hii mkuu alijitwika mwenyewe bila kuambiwa, shingo imekaza, jasho linamtoka. Nilitembea polepole makusudi ili watu wengi wamwone.

Stesheni aliutua ubao kwenye benchi kati yetu, akatoa fomu yangu mkobani. Nikajua ndiyo hukumu. Akaiweka gotini, na juu ya ule mstari wangu mrefu akaandika: *Miaka minane, alikuwa akisomea majiko.* Chini akaandika kwamba nimethibitishwa kazini, akatia sahihi, akanipa niisome.

Nilisoma mara mbili, kisha nikalia pale pale mbele ya abiria.

Mkuu akauvuta ubao kwake.

"Lilia upande ule, mtani," akasema. "Utatulowanishia majiko."