Kifurushi cha Baba cha Kwenda Kigoma

Nilikuwa nimemaliza mwaka mmoja na nusu kwenye biro ya posta ya Uvira siku baba yangu alipoingia na kifurushi kwapani. Kwa kawaida nilikaa chumba cha nyuma, nikipanga barua za Bukavu na za Usumbura, lakini asubuhi ile mwenzangu wa dirishani alikuwa na homa, na shefu wetu Mbelgiji akaniambia nikae mahali pake. Baba aliponiona alisimama. Niliona wazi kwamba alitaka kurudi nje, ila watu wawili walikuwa wameshajipanga nyuma yake.

Kwa miaka mingi alikuwa mtia makaa kwenye meli iliyozunguka ziwa: Uvira, Usumbura, Kigoma, halafu kurudi. Mzigo ulimwangukia ndani ya meli ukamvunja mguu, na tangu hapo alikuwa akitengeneza viti nyumbani kwetu Mulongwe. Kanisani alikuwa muhimizi. Mume na mke wakigombana, padri aliwatuma kwetu, baba akawasuluhisha. Nilikua nikimsikia akiwaambia wanaume wa watu kwamba nyumba ni moja.

"Hii koli inaenda Kigoma," alisema. "Nipokelee."

Kwetu sisi Kigoma ilikuwa jirani tu, watu walikwenda wakarudi na vitenge. Lakini posta ilihesabu kwa njia nyingine. Kigoma ilikuwa ya Waingereza na Uvira ya Wabelgiji, kwa hiyo kifurushi cha Kigoma kilikuwa kifurushi cha ng'ambo, sawasawa na cha Ulaya. Ilibidi tujaze fomu ya duane, ya ushuru wa forodha, kwa nakala tatu, kila kitu kwa jina lake, kisha tukifungue na kukagua, ndipo kishonwe tena kwa kitambaa na kupigwa lakiri kwenye mshono. Vitu vya majimaji vilikatazwa. Kuweka barua ndani ya kifurushi kulikatazwa pia, kwa sababu barua ina tembre yake ya kubandika na njia yake.

"Iko nini ndani, baba?"

"Iko vitu."

"Vitu gani? Lazima niandike."

"Andika vitu vya rafiki. Yule tuliyefanya naye kazi kwenye meli."

Nikatazama juu ya kitambaa. Jina lililoandikwa pale kwa herufi kubwa lilikuwa la mwanamke.

Huko nyuma, nilikuja kuelewa baadaye, vifurushi kama hivi alikuwa akivipeleka mwenyewe, na baada ya kuvunjika mguu alivituma kwa mkono wa mabaharia wenzake. Wa mwisho wao alikuwa ameacha kazi mwaka ule. Baba hakujua kwamba posta inafungua. Alidhani unatoa kifurushi, unalipa, unaondoka.

Shefu alitoka chumbani mwake kuangalia kwa nini watu wamesimama muda mrefu. Akaniambia kwa Kifaransa nifungue. Nikachukua mkasi. Baba alisema kwa sauti ndogo, "Weye, acha. Nitarudi nayo nyumbani." Lakini shefu alikuwa amesimama begani kwangu, na mkono wangu ulikuwa umeshakata uzi wa kwanza.

Ilitoka chupa ya mawese, nikaiweka pembeni. Zikatoka ndagala kavu ndani ya jani la ndizi, kisha gauni la mtoto wa kike, la maua, jipya. Kisha daftari mbili za shule. Chini kabisa, ndani ya karatasi, palikuwa na picha, na mtu wa kwenye picha ile alikuwa mimi, nimevaa shati jeupe na tai, siku niliyoanza kazi posta. Nikaigeuza.

Nyuma yake paliandikwa: "Huyu ni kaka yako mkubwa. Anafanya kazi ya karani. Soma kwa bidii kama yeye."

Ule mwandiko niliujua. Baba hakujua kuandika. Herufi zile za kulala, zenye mkia mrefu kwenye y, zilikuwa za mama yangu, aliyefundishwa na masista alipokuwa msichana. Ndiye aliyenifundisha kuandika kwa mkono uleule.

Nakumbuka masikio yangu yaliziba, kama mtu aliyezama ziwani. Nilimtazama baba, naye alikuwa akitazama chupa ya mawese.

Shefu alichukua picha akaigeuza. Kiswahili chake kilikuwa cha kuagiza kazi tu, hakusoma kilichoandikwa pale, lakini aliona kwamba ni maneno. "Hii ni barua," alisema. "Ama itolewe na kutumwa kivyake, ama maneno yafutwe." Kisha akarudi chumbani.

Nilimwambia baba vilevile kwa Kiswahili, kwa sauti ya karani, kama vile ni mtu nisiyemjua. "Haiwezekani kwenda na maneno. Tuyafute ao tuitoe?"

"Fanya unavyoona," alisema.

Nikachovya kalamu kwenye wino nikayafuta. Nilifuta mstari baada ya mstari, kwa nguvu, mpaka karatasi ikaloa. Nilianza na "kaka". Ningeweza kuitoa picha na kuituma kwa bahasha, tembre zilikuwa pale mezani. Sikufanya hivyo. Kisha nikaandika kwenye fomu, mara tatu, kwa Kifaransa kizuri: gauni la mtoto, moja, daftari, mbili, samaki wakavu, picha, moja. Nikampa baba chupa yake ya mawese. Aliiweka chini ya koti akatoka, akivuta mguu.

Saa sita sikula. Nilikwenda moja kwa moja nyumbani. Mama alikuwa nyuma ya nyumba akitwanga sombe, majani ya muhogo. Alinitazama mara moja akaacha mchi.

"Umeifungua," alisema.

"Ni sheria ya posta."

"Minye sikujua iko sheria ile. Ningekuambia kwanza."

"Mama, ni mtoto wa nani?"

"Wa baba yako. Ana miaka tisa."

Aliniambia wakati bado nimesimama. Baba alimwungamia mwenyewe mwaka ule wa mguu, akidhani atakufa. Mama alichukua nguo zake akaenda Bwegera kwa mama yake, akakaa huko miezi minne.

"Ulituambia bibi alikuwa mgonjwa," nilisema.

"Bibi yako alikuwa analima mpunga. Mgonjwa nilikuwa minye."

Jambo hilo lilinishtua kuliko picha. Miezi ile minne nilikuwa nimesali kila jioni bibi apone.

"Na sasa unamshonea gauni?"

"Yule mama sitaki hata kumwona. Lakini mtoto hakunikosea kitu." Akachukua mchi wake. "Nilitaka ajue kwamba iko na watu."

Sikuweza kumwambia kwamba nimeyafuta maneno yake. Nilimwambia baada ya siku tatu. Hakunigombeza. Alisema tu, "Basi andika weye, na utie tembre." Nikaandika barua fupi, ngumu, kama barua ya biro ya posta: kwamba picha iliyo ndani ya kifurushi ni yangu, na kwamba mimi ni kaka yake. Niliigonga muhuri kwa mkono wangu mwenyewe. Baba na mimi tulikuwa bado hatusemezani, zaidi ya salamu.

Jibu lilifika baada ya wiki nyingi, tena mikononi mwangu, wakati nikipanga mfuko wa meli. Mwandishi alikuwa mwalimu wa Kigoma. Alisema kifurushi kimepokelewa na yeye, kwa kuwa mama wa mtoto alifariki kwa homa na kuzikwa kabla hata kifurushi hakijafika. Mtoto alikuwa analala kwake, pamoja na watoto wake sita. Aliuliza kwa upole kama sisi wenye mtoto tuna shauri gani.

Nilimsomea baba barua ile uani, mbele ya mama. Alikaa chini kwenye kiti ambacho hakijakamilika, kikavunjika, akabaki pale pale ardhini akilia. Sikuwa nimewahi kumwona akilia. Nilitaka kuendelea kumkasirikia nikashindwa, nikamshika kwapani nikamwinua.

"Mguu wake hauwezi safari," mama alisema, akinitazama mimi kana kwamba baba hayupo. "Nitakwenda minye."

Mama hakuwa amewahi kupanda meli maishani mwake. Alikwenda, akarudi baada ya siku kumi, amekonda kwa kutapika, ameshika mkono wa msichana mwembamba aliyevaa gauni la maua. Jumapili iliyotangulia baba alikuwa amekwenda kwa padri kueleza yote, akaondolewa kazi ya uhimizi. Mtaa mzima wa Mulongwe ulijua, na wengi walikuja bandarini kuona kwa macho.

Niliposogea karibu nilishtuka tena. Ule uso ulikuwa wangu. Paji langu, masikio yangu, hata namna ya kufinya midomo mtu akiogopa. Akainama kidogo akasema kwa Kiswahili cha kwao, "Shikamoo, kaka."

Sisi hatukuwa na salamu ile, wala sikujua inajibiwaje. Mtoto akanisubiri mbele ya watu wote. Mama, aliyeisikia kila siku huko Kigoma, alinisukuma begani.

"Sema marahaba," alisema. "Anakungojea."

Nikasema. Kisha nikachukua sanduku lake dogo la mbao, tukapanda kwenda nyumbani, baba akitufuata taratibu nyuma.